Uzi: Gauni la ubatizo la kurithishana: vipimo, lesi, na sala inayokwenda na sindano

TabitaWaYafa

Tumsifu Yesu Kristo, wadau wa sindano.

Maswali ya gauni la ubatizo yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, bora yakae pamoja. Nazungumzia gauni litakalovaliwa na kifungua mimba, kisha wadogo zake, kisha watoto wao. Gauni la namna hiyo linapimwa kwa mishono yake ya ndani baada ya kufuliwa mara nyingi. Picha za siku ile zitapendeza tu.

Kitambaa. Pamba tupu, nyepesi, iliyofumwa kwa karibu: batisti au loni. Kitani chembamba kinafaa kama mkono umeshazoea. Pamba iliyochanganywa na poliesta iacheni. Ukingo wake haukubali kuviringika, mkunjo hausimami, na doa la mafuta hung'ang'ania. Hariri nayo ina shida ya jasho na mwanga, baada ya miaka mingi hukatika yenyewe kwenye mikunjo.

Kwa upana wa sm 110, gauni linachukua m 2 na shimizi yake (nguo ya ndani) m 1.7. Nunua m 4, kinachobaki ni cha majaribio. Fua kitambaa na lesi kabla ya kukata, maji ya uvuguvugu. Pamba hurudi, na lesi ya pamba hurudi zaidi. Ukishona kabla ya kufua, gauni litajikunjakunja kandokando ya kila lesi siku ya kufuliwa, na hapo pasi haisaidii.

Vipimo. Kanuni ya 867 ya Sheria za Kanisa inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza. Kwa hiyo kata kwa mtoto wa mwezi 1 hadi 3, siyo wa miezi 6. Sketi ya gauni hili huanzia juu ya kwapa, chini ya yoki (kipande cha juu cha kifuani na mabegani), hivyo kifua hakina shida. Panapobana ni sehemu tatu: shingo (iliyokamilika iwe sm 26), tundu la mkono (sm 20) na mdomo wa mkono (sm 16, ngumi ipite bila kuvutwa). Urefu toka begani sm 80.

Yoki ya mbele upana sm 21, urefu sm 8. Kipande cha sketi, mbele na nyuma kila kimoja, sm 68 kwa 78. Ukitoa mikato ya makwapa, sm 4 kila upande, zinabaki sm 60 za kukusanya marinda yaingie kwenye sm 21. Hiyo ni mara 3 kasoro kidogo. Chini ya mara 2 sketi inaonekana imenyimwa kitambaa. Ukipita mara 3 na nusu, mshono wa yoki unakuwa mnene na utamkwaruza mtoto kifuani.

Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka (1 Sam 2:19). Mtoto alikuwa Shilo, hakuwa naye nyumbani wa kumpima. Alikata kwa kukadiria. Anayeshona kabla mtoto hajazaliwa yuko papo hapo: anamshonea asiyemjua umbo, na nafasi anayoacha kwenye mshono ni kukiri kwamba mtoto huyu atakua kwa kipimo cha Mwingine. Fungu hilo linafaa kusomwa kabla ya kushika mkasi, maana ndipo ubishi wa "nipunguze kidogo likae vizuri" unapoanza. Usipunguze.

Lesi. Ya katikati (kingo zote mbili zimenyooka) m 3.6: safu 2 kuzunguka sketi na kipande cha yoki. Ya pindoni (upande mmoja una mawimbi) m 3.5: upindo, shingo na mikono, ikikusanywa mara moja na nusu.

Sindano na uzi. Sindano namba 60 au 65, mpya. Uzi wa pamba namba 60 au 80. Hatua ya mshono mm 1.5 hadi 2. Uzi wa poliesta una nguvu kuliko batisti, siku ya mvutano kitambaa ndicho kitakachochanika wakati mshono umesimama.

Karibuni.

---

Lesi_Kwa_Lesi

Milele Amina. Asante dada Tabita, darasa limekamilika. Naomba kuuliza hapo kwenye lesi. Nikiiunganisha na batisti, kitambaa hakiviringiki. Kinabaki bapa na nyuzi zinatoka. Na lesi inafanya mawimbi. Tatizo ni cherehani au mkono?

---

FundiKitani

@Lesi_Kwa_Lesi mara nyingi ni maandalizi. Fuata hivi:

1. Pulizia wanga kwenye lesi na kwenye ukingo wa kitambaa, piga pasi hadi vikauke kabisa. Lesi iwe ngumu kiasi cha kusimama ukiishika kwa ncha.
2. Ukingo wa kitambaa ukatwe kwa kufuata uzi. Kata pembeni sm 1, chomoa uzi mmoja polepole mpaka uone mstari mwembamba unaopenya mwanga, kisha kata juu ya mstari huo.
3. Laza lesi juu ya kitambaa, uso kwa uso. Ukingo wa kitambaa uzidi ukingo wa lesi kwa mm 3.
4. Zigizaga upana mm 3.5 hadi 4, hatua mm 0.8 hadi 1. Sindano ikienda kushoto itue ndani ya kichwa cha lesi (ile sehemu iliyofumwa kwa karibu), ikienda kulia itue nje kabisa ya kitambaa, hewani.

Uzi ukijikaza hewani unaukunja ukingo juu ya kichwa cha lesi. Ikitua ndani ya kitambaa, hata kwa nusu mm, hakitaviringika. Na kitambaa kikizidi kwa mm 5, kinakuwa kingi mno kwa uzi kukikunja, ndipo unabaki na ukingo bapa wenye nywele.

Mawimbi yanaletwa na kuvuta lesi kwa mkono wa mbele. Iache ijiendee, wewe iongoze tu. Ukiwa unaunganisha lesi kwa lesi, zipakane ubavu kwa ubavu zisipandane, uso juu, zigizaga upana mm 2 hadi 2.5, hatua mm 1.

Lesi inayopita katikati ya sketi: usikate sketi kwanza. Ipige bandi juu ya kitambaa, shona mstari ulionyooka pande zote mbili, kisha geuza nyuma, pasua kitambaa kilicho chini ya lesi kwa mkasi wenye ncha butu, kilaze huku na huku kwa pasi, shona zigizaga nyembamba juu ya kila mstari, kata masalia. Kwa njia hii sketi haipotezi mstari wake wa uzi.

---

Katekista_wa_Zamu

Mmeanza vizuri. Ila nashauri mtazame kwanza adhimisho lenyewe, kwa sababu magauni mengi yanayoletwa yameshonwa bila kujua padre atafanya nini.

Utaratibu kwa ufupi: ishara ya msalaba kwenye paji la uso mlangoni, Neno la Mungu, mafuta ya wakatekumeni kifuani, ahadi, maji, mara tatu, kichwani, krisma takatifu (mafuta yaliyowekwa wakfu) utosini, ndipo vazi jeupe, kisha mshumaa unaowashwa kwenye mshumaa wa Pasaka, na Efata (padre kugusa masikio na mdomo wa mtoto) panapofanyika.

Mambo matatu yanatokana na hapo. Kwanza, kola ndefu iliyobana yenye vifungo 6 nyuma inamfanya padre ahangaike kufikia kifua huku mtoto analia. Pili, kofia ivuliwe tangu kabla ya maji na isirudi mpaka krisma ipite. Tatu, na hili linasahauliwa zaidi, vazi jeupe linatolewa baada ya ubatizo. Katekisimu namba 1243 inasema vazi hilo laonyesha kwamba mbatizwa amemvaa Kristo. Ni Wagalatia 3:27: "Maana ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo mmemvaa Kristo." Mtoto akifika na kila kitu mwilini tangu mlangoni, alama inabaki nusu. Ndiyo maana katika maadhimisho mengi mtoto mwenye gauni refu huwekewa tena kitambaa kidogo cheupe juu, na wazazi hawaelewi cha nini.

Zungumzeni na padre mapema. Kanuni ileile ya 867 inasema wazazi wanaweza kumwendea hata kabla mtoto hajazaliwa.

---

TabitaWaYafa

@Katekista_wa_Zamu hapo umegusa penyewe. Kwa mshonaji suluhisho ni kugawa kazi kwa nguo mbili.

Shimizi: batisti, bila mikono, shingo pana, imefunguka mgongoni sm 25 kwa vifungo 2. Mtoto anaingia nayo. Kifua kinafikika kwa kushusha shingo tu.

Gauni la juu: lenye lesi zote, limefunguka mbele toka shingoni hadi chini, kifungo kimoja au viwili kwenye yoki. Hili ndilo vazi jeupe. Linavaliwa mtoto akiwa mikononi mwa mama: mlaze juu ya gauni lililotandazwa wazi, ingiza mkono mmoja, ingiza wa pili, funga. Gauni la kupitisha kichwani halifanyiki mbele ya altare kwa mtoto aliyetoka kumwagiwa maji. Atashika lesi na kuipasua.

Kwa gauni la kufunguka mbele badilisha ukataji: vipande viwili vya mbele, kila kimoja sm 34 ongeza sm 4 za kukunja ukingo (sm 2 mara mbili, ili kifungo kipate kitambaa cha kushikia). Vipande hivyo pamoja na cha nyuma havitapita kwenye upana mmoja wa sm 110, lakini urefu wa m 2 unatosha ukivipanga mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili. Lesi za kuzunguka sketi zishonwe kabla ya kukunja ukingo huo, na zilingane kushoto na kulia. Zikipishana hata mm 3 jicho linaona.

---

Uzi80

Kwa wenye cherehani inayomeza kitambaa mwanzo wa mshono: tundu la bamba la zigizaga ni pana, batisti inasukumwa ndani na sindano. Weka bamba lenye tundu moja dogo kwa mishono iliyonyooka. Kama huna, anza mshono juu ya kipande cha masalia ndipo uingie kwenye kazi bila kukata uzi, na shikilia ncha zote mbili za uzi kwa hatua tatu za mwanzo. Karatasi nyembamba chini ya kitambaa husaidia pia, ing'olewe taratibu, mshono ukiwa umebanwa kwa kidole.

Mshono ukijikunja: punguza mkazo wa uzi wa juu nusu namba kwa wakati, badilisha sindano, halafu ndiyo ulaumu mengine. Sindano butu haikati njia, inasukuma nyuzi, na kwenye pamba nyepesi utaona mstari wa nyuzi zilizovutika kwenda pembeni ya kila tundu.

Mshono wa kujificha kwa mbavu na makwapa: kinyume kwa kinyume mm 3, punguza hadi mm 2, piga pasi, geuza uso kwa uso, shona mm 4. Nywele zikitokeza nje ulipunguza vibaya. Usijaribu kuzikata kwa juu, fumua.

---

Rozari_na_Sindano

Naomba mchango upande wa sala. Natamani kila sehemu ya gauni iwe imeombewa, lakini nikiwa kwenye cherehani akili inagawanyika na mshono unapinda.

---

BibiWaMikunjo

Mwanangu, usisali rozari huku ukiunganisha lesi kwa cherehani. Kazi ile inataka macho yote mawili. Kuwa makini hapo ndiko kusali kwako kwa wakati huo.

Weka kando kazi za mkono kwa ajili ya rozari: kushona upindo wa ndani, kuzungushia uzi kwenye ukingo wa shingo, kushikiza vifungo. Matendo ya furaha yanakaa hapo vizuri. La tatu hasa, Luka 2:7, Maria "akamvika nguo za kitoto". Injili haisemi mengi juu ya usiku ule, lakini hiyo nguo imetajwa, na malaika akawapa wachungaji kama alama ya kumtambua (Lk 2:12). Hesabu salamu kwa vidole vya mkono unaoshika kitambaa, au weka pini 10 kwenye kijimto uchomoe moja kila Salamu Maria. Pini hizo zirudi kwenye kopo zote 10.

Kwenye yoki, mikunjo myembamba: wengi hufanya 7 na kuomba paji moja la Roho Mtakatifu kwa kila mkunjo: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu. Bahati nzuri 7 ni witiri, kwa hiyo mmoja unakaa katikati kabisa na mitatu kila upande. Anayetaka 12 kwa ajili ya Mitume ajue hakutakuwa na mkunjo wa katikati, aweke lesi hapo.

Namna ya kuifanya: sindano pacha yenye nafasi mm 2, na mguu wa cherehani wenye mifereji chini. Chomoa uzi mmoja katikati ya kitambaa upate mstari wa kwanza. Shona juu yake. Mkunjo wa kwanza uingie kwenye mfereji wa pembeni, nao ukuongoze kushona wa pili, huna haja ya kuchora. Anza katikati kwenda nje, ukibadilisha mwelekeo kila mstari, vinginevyo kitambaa kinapinda upande mmoja. Na muhimu: kunja kwanza, kata yoki baadaye. Kila mkunjo unakula kitambaa kidogo. Ukikata yoki ya sm 21 ndipo ukunje, utabaki na yoki isiyofika mabegani.

---

FundiKitani

Naongeza kwa Bibi: usichore kwa kalamu ya buluu inayofutika kwa maji halafu ukapiga pasi juu yake. Joto linaukamata wino na hautoki tena. Futa kwa maji baridi kwanza, hakikisha, ndipo pasi.

---

Lesi_Kwa_Lesi

Swali la kichokozi kidogo. Kuna wanaosema lesi na mapambo yote haya ni majivuno, mtoto angebatizwa kwa fulana nyeupe ikawa sawa. Tunawajibu nini?

---

Katekista_wa_Zamu

Tunawajibu kwamba wamesema kweli nusu. Fulana nyeupe inatosha. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa (kanuni 867, sehemu ya 2), na katika lazima mtu yeyote mwenye nia iliyo sahihi anaweza kubatiza (861, sehemu ya 2). Hapo hakuna nguo inayosubiriwa. Kuahirisha ubatizo miezi mitatu kwa kuwa lesi haijamaliziwa ni kosa, nalo hutokea.

Nusu nyingine: Matendo 9:39, wajane walimzunguka Petro wakimwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea Dorkasi (ndiye Tabita wa Yafa), aliyekuwa amefariki. Hawakueleza maneno yake, walionyesha mishono.

---

TabitaWaYafa

Na kuna Mt. Zelia Martin, mama wa Mt. Teresa wa Mtoto Yesu. Alikuwa mtengeneza lesi wa Alençon, Ufaransa, mwanamke mwenye biashara yake. Alizaliwa 1831, akafa 1877, akatangazwa mtakatifu pamoja na mumewe Luis tarehe 18 Oktoba 2015. Lesi ile hutengenezwa kwa sindano, vipande vipande, na sentimeta moja ya mraba huchukua saa 7 hivi. Wafanyakazi wake walishona vipande nyumbani kwao, yeye akaviunganisha. Maungio hayo hayakutakiwa yaonekane. Yakionekana, kazi ya wote imeharibika. Nadhani hapo ndipo pa kujipima majivuno: kwenye gauni hili, kazi ngumu kuliko zote ni ile ambayo hakuna mgeni wa sherehe atakayeiona.

Kuhusu mapambo yenyewe, nina msimamo. Lesi mbili kwenye sketi, moja kwenye yoki, mikunjo 7. Inatosha. Gauni lenye safu 9 linakuwa zito, lesi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na kila safu ni mahali pa kuchanika miaka inayokuja.

---

Uzi80

Naunga mkono. Na riboni za satini za kufungia shingoni nazo ziondoke. Kamba yoyote inayozunguka shingo ya mtoto ni hatari. Kama kofia ina riboni za kidevuni, ivaliwe kwa picha, ivuliwe, mtoto asilale nayo.

Vifungo: vya kombe, matundu mawili, mm 8 au 9. Kila kifungo kishikizwe kwa uzi wake peke yake, fundo nyuma, usipitishe uzi mmoja toka kifungo hadi kifungo. Ukikatika vitatoka vyote na kimoja kitaishia mdomoni. Vivute kwa nguvu kabla ya kukabidhi.

Mshumaa ushikwe na mzazi au msimamizi upande usio na mtoto. Batisti na lesi hushika moto haraka.

---

Rozari_na_Sindano

Asanteni sana. Majina je? Nataka kila atakayelivaa jina lake lidariziwe.

---

BibiWaMikunjo

Yaweke kwenye shimizi, upindo wa ndani. Gauni la juu libaki tupu, maana doa au mpasuko ukitokea penye jina huwezi kubadilisha kipande. Herufi kimo mm 5, uzi mmoja uliochambuliwa kutoka kwenye nyuzi 6 za kudarizia, mshono wa shina. Jina na tarehe ya ubatizo vinachukua sm 12 hivi, na upindo wa sm 136 unabeba watoto 11. Acha nafasi tangu mwanzo, anayeanza katikati kwa herufi kubwa anawanyang'anya wajukuu mahali pao. Katekisimu namba 2156 inasema jina hupokelewa katika ubatizo, kwa hiyo tarehe iwe ya ubatizo, siyo ya kuzaliwa.

Rangi: nyeupe juu ya nyeupe ndiyo salama. Ukitaka buluu au nyekundu, lowesha uzi, uweke kati ya vitambaa viwili vyeupe, piga pasi. Ukiacha alama, usiutumie.

---

Sketi_ya_Harusi

Wadau, mnaonaje kukata gauni la harusi la mama ili lifanye gauni la ubatizo? Sakramenti moja kuzaa nyingine.

---

FundiKitani

Wazo zuri, kitambaa ndicho kinachoamua. Choma uzi mmoja toka ndani ya mshono, mbali na nguo: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, hariri hunuka nywele, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Poliesta usiitumie kugusa ngozi. Itumie juu tu, na shimizi ya pamba iwe ndani. Hariri iliyozeeka ikunje kwa vidole: ikitoa mlio mkavu au ufa, isibebe mzigo wa mshono. Hiyo ilaze juu ya batisti, ishikize kingo zote, ndipo uikate kama kitambaa kimoja. Kata kwenye sehemu za juu za sketi, siyo pindoni palipoburuzwa chini.

---

Moyo_Mpole

Samahanini kuingilia. Kuna mtu kwenye parokia anatakiwa kushonewa kitu cha mtoto aliyefia tumboni. Hakuna anayejua aanzie wapi.

---

TabitaWaYafa

Pole kwa familia hiyo. Hakuna cha kusamehewa, ni mahali pake kabisa.

Kishonwe rahisi na kwa haraka. Kipande cha mbele kimoja, mgongo wazi wote, vifungwe kwa tepe 2 laini za pamba. Pasiwe na kifungo wala kitu cha kupitisha kichwani. Mikono mipana na mifupi. Mishono yote igeukie nje, lesi ifunike, ndani pawe laini tupu. Kwa mtoto mdogo sana usishone gauni: shona mfuko wa batisti wenye kifuniko cha mbele kinachokunjwa, au kitambaa cha mraba sm 30 chenye lesi nyembamba kando. Shona na kitambaa cha pili kinachofanana, mama abaki nacho.

---

Katekista_wa_Zamu

Mwambieni pia wamwone padre. Kanuni ya 1183, sehemu ya 2, inamruhusu askofu wa mahali kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia abatizwe akafa kabla. Na Katekisimu namba 1261 inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu. Wengi hawaambiwi.

Kwa mwenye kutaka mwombezi: Mt. Gerardo Majella, 1726 hadi 1755, alijifunza ufundi wa kushona nguo kabla ya kuwa bruda, na akina mama wajawazito humkimbilia. Sikukuu yake tarehe 16 Oktoba.

---

Moyo_Mpole

Mungu awabariki. Nimewapelekea yote.

---

Lesi_Kwa_Lesi

Kutunza na madoa, tafadhali, tumalizie.

---

FundiKitani

Doa la mafuta matakatifu: lifyonzwe kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo bila kusugua. Paka sabuni ya maji ya vyombo isiyo na rangi, acha dakika 15, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Usilipige pasi kabla halijatoka. Doa la maziwa halionekani siku ya sherehe, hujitokeza baadaye likiwa njano, kwa hiyo fua gauni hata kama linaonekana safi. Kwa pamba tumia kiondoa madoa cha oksijeni, usitumie cha klorini, hudhoofisha nyuzi. Kwa hariri usitumie chochote kati ya hivyo.

Kabla ya kuhifadhi toa wanga wote na suuza mara 3 au 4. Wadudu hufuata wanga, na sabuni iliyobaki hugeuka njano. Usipige pasi. Usikunje, viringisha kwenye karatasi laini isiyo na asidi, jaza mikono karatasi hiyohiyo. Sanduku la karatasi isiyo na asidi au mfuko wa pamba iliyofuliwa. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na mbao za kabati zikigusa kitambaa moja kwa moja hukitia rangi ya kahawia. Pini hata moja isibaki. Kila mwaka mmoja litolewe, liviringishwe upya kwa mahali tofauti.

---

Sketi_ya_Harusi

Na la zamani lililokwisha kuchanika lesi?

---

BibiWaMikunjo

Usilirundikie nyuzi juu ya tundu, uzi mpya una nguvu na utavuta lesi ya zamani ichanike pembeni. Weka kipande cha neti nyembamba ya pamba kwa nyuma, kizidi tundu kwa sm 1 kila upande, kishikize kwa mkono kwa uzi namba 80 ukishika zile nyuzi nene za ua la lesi tu. Safu nzima ikiwa imeoza, fumua safu hiyo moja, weka mpya ya upana uleule. Iloweshe kwanza kwenye chai nyepesi dakika chache uijaribu kwa kipande, ikiwa nyeupe kuliko gauni. Kipande cha ile ya zamani kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi ndani ya sanduku, atakayetengeneza mara nyingine apate cha kufananisha.